Maswali Yenu: Tui Lililokatika, Sabuni Isiyotoa Povu, na Utando Unaong'aa Baharini

Barua za safari hii zimetoka Mji wa Kale wa Mombasa hadi Mtwapa. Mmoja analaumu nazi, mwingine analaumu sabuni, wa tatu yuko tayari kumshtaki fundi wa chujio. Tulipozisoma kwa pamoja tukaona kwamba nyingi zao hazikumtazama mshukiwa aliye karibu zaidi, nayo ni maji yenyewe na kilichoyeyuka ndani yake. Tumechagua zile ambazo majibu yake yaweza kupimwa nyumbani kwa mizani ya jikoni, chupa na saa.

Nauza samaki wa kupaka na mchuzi wa nazi. Siku nyingine tui latoka laini, siku nyingine lakatika: mafuta juu, maji chini, na vipande vyeupe katikati kama maziwa yaliyoganda. Nazi ni zile zile za soko la Kongowea, na mwiko naukoroga upande mmoja kama nilivyofunzwa. Nakosea wapi? — Mama wa mkahawa, Majengo

Mama, tuanze na tui lenyewe. Ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, mengi yakiwa na upana wa mikromita 1 hadi 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), nao unywele wa mtu una mikromita 70 hivi. Mafuta na maji havipatani. Ukiviacha peke yake, kila kimoja hutafuta wenzake. Kinachozuia matone yasiungane ni kanzu nyembamba ya protini za nazi iliyolivika kila tone. Mchanganyiko kama huu, kimiminika ndani ya kimiminika, huitwa emulsheni. Maziwa ya ng'ombe ni emulsheni, na rojo ya mayai na mafuta ya saladi vilevile.

Tui kujitenga na tui kukatika ni mambo mawili. Likikaa mezani saa chache, kasimile, yaani tui zito, hupanda juu na maji hubaki chini. Hapo matone yamepanda tu kwa wepesi wake, kanzu zao bado nzima, na ukikoroga yanarudi. Likikatika, kanzu zimeharibika, matone yameungana, na mwiko hauwezi kuyatenganisha tena.

Vinavyoharibu kanzu hiyo ni moto, ukali (asidi) wa ndimu au ukwaju, na baridi kali. Protini za nazi huanza kukunjuka na kugandana joto likifika nyuzi 80 za Selisiasi, na vile vipande vyeupe unavyoviona ndizo hizo protini. Asidi nayo huziondolea chaji ya umeme inayoyafanya matone yasukumane: protini za nazi hupoteza chaji karibu pH 4 (pH ni kipimo cha asidi), na ukwaju ukimwagwa juu ya kasimile hufikisha sehemu ile ya sufuria huko mara moja. Kuhusu baridi, mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na ndani ya friza fuwele zake hutoboa kanzu; tui hilo likiyeyuka huwa limekatika kabla halijaona jiko. Tunashuku hapa ndipo "siku nyingine" zako zinapotoka: siku ya tui la jana, au siku ukwaju ulipotangulia kasimile.

Fanya hivi. Nazi moja iliyokunwa, kamua kwa mililita 250 za maji ya uvuguvugu, hilo ni tui la kwanza, weka kando. Machicha yale yale kamua tena kwa nusu lita, hilo ni tui la pili. Pika samaki, viungo, chumvi na ukwaju kwa tui la pili peke yake, hata likitokota si hasara kubwa, maana lina mafuta machache. Vikiiva, punguza makaa. Chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto, uchanganye ndani ya kasimile kwenye bakuli, kisha ndipo uimimine yote sufuriani. Lengo ni kuipasha kidogo kidogo isishtuliwe. Koroga bila kuacha, na mara uonapo vipovu vya kwanza pembeni mwa sufuria, epua. Chumvi ya kiasi cha mchuzi haina kosa hapa.

Kama lazima chakula kikae juu ya moto mdogo kungoja wateja, tumia wanga. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo au wanga wa mahindi, kikorogwe na vijiko viwili vya maji baridi, chatosha nusu lita ya tui. Wanga haugeuki kanzu ya matone. Kazi yake ni kuyafanya maji kuwa mazito ili matone yachelewe kukutana. Ukizidisha utapata uji wenye harufu ya nazi.

Tui lililokwisha katika laweza kuokolewa kwa kiasi: chukua kikombe nusu cha kasimile mpya yenye wanga, tia ndani ya mashine ya kusagia, umimine lile lililokatika kijiko kwa kijiko mashine ikizunguka. Mafuta yatapata kanzu mpya. Vile vipande vya protini havitarudi vilivyokuwa, vitasagika tu.

Kukoroga upande mmoja: mama yako alikuwa sahihi kuhusu kukoroga, upande si hoja. Anayekoroga upande mmoja kwa kawaida haachi, na kutoacha ndiko kunakozuia joto lisirundikane chini ya sufuria. Na mtu anayepika mafuta ya nazi atacheka akisoma haya yote, kwa sababu yeye hutafuta hicho hicho unachokikimbia: huchemsha tui mpaka likatike, akachota mafuta na kuyaacha mashapo.

Maji ya kisima chetu ni maangavu, lakini sabuni ya mche haitoi povu. Nasugua hadi nusu mche inaisha, na juu ya karai wabaki utando wa kijivu unaoshika kwenye mashati meupe ya wateja. Jirani atumia sabuni ya unga na haoni shida. Je, sabuni za mche siku hizi ni bandia? — Dobi, Kisauni

Sabuni yako haina kosa, ndugu. Kisiwa cha Mombasa na pwani yake vimekaa juu ya mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale. Mvua ikipenya humo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu, na maji yanakuwa magumu.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Kichwa hicho kimeshikana na sodiamu, na kwa hivyo huyeyuka. Kikikutana na kalsiamu, huiacha sodiamu: kila ayoni moja ya kalsiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, hushika vichwa viwili, na kinachozaliwa hakiyeyuki. Huo ndio utando wa kijivu. Povu haliji mpaka kalsiamu yote iwe imeshiba.

Hasara yake yahesabika. Chukua kisima chenye ugumu wa miligramu 400 kwa lita, ukipimwa kama kalsiamu kaboneti. Ndoo ya lita 20 itameza karibu gramu 50 za sabuni kabla ya povu la kwanza, nawe hujafua hata soksi.

Pima chako hivi. Kwangua gramu 5 za sabuni ya mche, ziyeyushe ndani ya nusu lita ya maji ya mvua yaliyopashwa moto, acha yapoe. Tia mililita 100 za maji ya kisima ndani ya chupa. Ongeza maji ya sabuni kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwa wakati, ukifunga na kutikisa kwa nguvu kila mara, mpaka povu lisimame dakika mbili bila kupasuka. Rudia kwa maji ya mvua na utoe idadi hiyo. Kila kijiko kilichobaki ni sawa na ugumu wa miligramu 60 hadi 80 kwa lita. Tofauti yatokana na maji yaliyomo ndani ya mche wenyewe, kwani mche mpya una maji mengi kuliko uliokauka rafuni.

Dawa yake ni soda ya kufulia, ile soda ashi inayotengenezwa kutoka Ziwa Magadi. Kwa ndoo ya lita 20 weka gramu 2 kwa kila kijiko ulichohesabu. Kisima cha vijiko vitano kitataka gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Koroga, acha dakika 20, chokaa nyeupe itue, kisha mimina maji ya juu taratibu ndani ya karai. Ukitumia magadi ghafi ya mawe weka mara mbili, maana sehemu yake kubwa si soda kamili. Usizidishe ukidhani nguo zitang'aa: soda nyingi huchubua mikono, huharibu hariri na sufi ya kondoo, na hula sufuria za alumini. Kuchemsha maji badala ya soda huondoa sehemu tu ya ugumu, ile unayoiona imeganda ndani ya birika.

Ukifanya haya yote na povu bado likakataa, onja maji. Visima vinavyovutwa sana karibu na bahari huvuta maji ya bahari, na chumvi ya kawaida nayo huifukuza sabuni kutoka majini. Watengenezaji sabuni hutumia hila hiyo hiyo kwa makusudi, wakitia chumvi ili sabuni ijitenge na kuelea. Soda haitoi chumvi hii. Hapo tafuta mche uliopikwa kwa mafuta ya nazi: karibu nusu ya asidi za mafuta hayo ina mkia mfupi wa kaboni 12, ambao huvumilia chumvi kuliko mikia ya kaboni 16 na 18 ya mawese na shahamu. Sabuni za mabaharia za kuogea maji ya bahari hutengenezwa kwa nazi kwa sababu hiyo.

Sabuni ya unga ya jirani si sabuni kwa maana ya kikemia. Kichwa chake ni cha salfoneti, kisichogeuka utando kirahisi kikikutana na kalsiamu, na mara nyingi pakiti imeshatiwa soda ndani. Jirani analipia soda bila kujua.

Chama chetu chatengeneza sabuni ya maji. Mapishi tuliyapata Nairobi na yalitoka mazito kama asali. Hapa tuliongeza chumvi iwe nzito zaidi, ikawa nyepesi kama maji. Tukaongeza tena, ikazidi. Mtungi mzima wa lita 100 umesimama. Tuumwage? — Chama cha akina mama, Changamwe

Msiumwage, dada zetu.

Ungaroli (pasti ile nyeupe nzito, ambayo asilimia 70 yake ni dawa ya sabuni) ikiwa majini, molekuli zake hujikusanya mikia ndani, vichwa nje, zikafanya vidonge vidogo vya duara viitwavyo miseli. Duara hizi huteleza, na sabuni huwa nyepesi. Vichwa vina chaji ya aina moja na vinasukumana. Chumvi ikiingia, sodiamu yake hupunguza msukumano, vichwa husogeleana, na miseli hurefuka zikawa kama minyoo. Minyoo ikisokotana, sabuni inakuwa nzito. Chumvi ikizidi, minyoo hushikana matawi na kuanza kuteleza juu ya maungio yake, mwishowe dawa hujitenga kabisa na maji. Kwa hiyo uzito hupanda, hufika kilele, halafu huporomoka. Nyinyi mmevuka kilele, na kila gramu mnayoongeza yawapeleka bondeni.

Lakini kwa nini mapishi yale yale yalifaulu Nairobi? Ulizeni maji mliyotumia. Kisima chenye gramu 5 za chumvi kwa lita huingiza nusu kilo ya chumvi ndani ya mtungi wa lita 100 kabla hamjafungua pakiti, tena kalsiamu yake yarefusha miseli kwa nguvu kuliko sodiamu. Na chumvi ghafi ya bahari ina magnesiamu ndani yake. Aliyeandika mapishi hakuandika maji yake, hilo ndilo kosa lake.

Kuokoa mtungi: tengenezeni sabuni nyingine isiyo na chumvi hata chembe, gramu 100 za ungaroli kwa kila mililita 900 za maji ya mfereji au ya mvua. Chukueni lita moja ya ile iliyoharibika, ongezeni hii mpya mililita 50 kwa wakati, mkikoroga polepole. Mtaona inarudi kuwa nzito. Andikeni ni kwa kiasi gani, kisha fanyeni vivyo hivyo kwa mtungi.

Kwa mapishi yajayo, tafuteni kilele chenu wenyewe kwa lita moja kabla ya kugusa mtungi. Yeyusheni gramu 300 za chumvi safi ndani ya maji mpaka jumla ifike lita 1; kila mililita 10 ya maji hayo ina gramu 3 za chumvi. Ongezeni mililita 10, korogeni, ngojeni povu lipande, kisha pimeni: toboeni tundu la msumari wa milimita 4 chini ya kopo, lijazeni, hesabuni sekunde mpaka liishe. Andikeni sekunde kando ya gramu. Zikianza kupungua mmeshavuka. Katika mtungi simameni kabla ya kilele, pale sekunde zikiwa bado zinapanda, maana manukato hubadilisha uzito yakitiwa, na sabuni iliyokaa ukingoni huangukia upande wowote.

Pimeni ikiwa imepoa. Sabuni ya moto huwa nyepesi, na wengi hutia chumvi saa hiyo kwa haraka. Na msitie chumvi kavu moja kwa moja: pale inapoangukia hugandisha madonge ambayo mtayakoroga hadi alasiri.

Masika yakianza, maji tunayoletewa na lori huwa ya kahawia, na hata yakilala siku tatu tangini hayatui. Bibi alitia shabu, lile jiwe la kutakasia maji, kwa kukisia. Kiasi gani hasa? Na mbona nikizidisha yarudi kuwa na ukungu? — Mwenye nyumba za kupanga, Mtwapa

Mchanga hutua kwa dakika. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya mikromita ingeshuka chini ya milimita 1 kwa siku nzima, hata kama maji yangetulia kabisa. Na hayatulii, kwa sababu molekuli zake huipiga kumbo kila upande. Hii ndiyo koloidi halisi: chembe kati ya nanometa 1 (sehemu ya elfu ya mikromita) na mikromita 1, kubwa mno kuitwa zimeyeyuka, ndogo mno kutua. Jina hilo lilitolewa na mkemia Thomas Graham mwaka 1861, kutokana na neno la Kigiriki la gundi.

Chembe hizo zina chaji hasi, zinafukuzana, na hivyo haziungani zikawa nzito. Shabu huleta alumini yenye chaji tatu chanya. Nguvu ya kugandisha haipandi sawasawa na chaji. Yapanda kwa kasi ya ajabu, na kwa nadharia ayoni yenye chaji tatu huishinda yenye chaji moja mamia ya mara. Sodiamu nayo hugandisha udongo, ila yataka wingi. Nendeni kaskazini ya Malindi mkaone Mto Sabaki unavyoingia baharini: udongo ulioelea safari nzima wakutana na gramu 35 za chumvi kwa lita, wagandana na kuanza kushuka karibu na mdomo wa mto.

Vipimo: yeyusha gramu 10 za shabu iliyopondwa ndani ya lita 1 ya maji. Mililita 100 za maji hayo ndani ya dumu la lita 20 ni miligramu 50 kwa lita, nayo ni pazuri pa kuanzia. Kabla ya tangi zima, panga chupa tano za lita 1 zenye maji yale machafu, tia mililita 2, 4, 6, 8 na 10. Tikisa kwa kasi dakika moja ili shabu ifike kila mahali, kisha pindua chupa polepole kwa dakika 15 ili mapande yakue. Ukitikisa kwa nguvu hapa utayavunja. Acha saa nzima. Tumia kipimo kidogo kabisa kilichosafisha. Ukisoma vipimo vya mitambo ya maji, kumbuka unga wao wa kutakasia maji una alumini zaidi ya shabu ya mawe. Zidisha kipimo chao kwa moja na nusu.

Ukungu uliorudi ni kwamba chembe zimevaa alumini nyingi hadi chaji ikageuka kuwa chanya, zikaanza kufukuzana upya. Na kama hakuna kipimo kinachosafisha, huenda maji ni ya mvua au ya bwawa yasiyo na chokaa, nayo shabu huyageuza kuwa yenye asidi badala ya kuzaa mapande. Ongeza nusu gramu ya soda ashi kwa dumu na ujaribu tena. Yakishatakata bado si ya kunywa: vijidudu vingi hubaki. Yachemshe yatokote dakika moja kamili, au tia dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti.

Nimetengeneza chujio la mkaa wa vifuu. Harufu ya yai bovu imeisha lakini chumvi iko pale pale. Fundi aniambia niongeze mkaa. — Msomaji, Likoni

Usiongeze, utapoteza pesa. Mkaa haunyonyi kama sifongo. Hunasa vitu juu ya uso wake, na mkaa wa vifuu uliokomazwa kwa mvuke kiwandani una uso wa mita za mraba karibu 1,000 kwa gramu moja tu, wote ukiwa ndani ya vitundu. Uso huo hupenda vitu vinavyochukia maji: harufu, rangi, dawa za wadudu. Ayoni za chumvi zimezungukwa na maji zinayoyapenda, hazina haja na mkaa. Chumvi hutolewa kwa utando wa mgeuko wa osmosi, unaopitisha maji na kuzuia chumvi, au kwa kukeneka maji. Mkaa wa jikoni, usiokomazwa, una uso mdogo zaidi. Upondwe chembe za milimita 1 hadi 2, uoshwe mpaka maji yatoke meupe, na maji yapite polepole: lita 10 za mkaa kwa lita 1 ya maji kwa dakika. Harufu ikianza kurudi, badilisha wote, maana mkaa uliojaa hugeuka shamba la bakteria.

Kwa nini moshi wa udi ukiutazama mbele ya pazia jeusi ni wa buluu, na mbele ya dirisha ni wa hudhurungi? — Mwanafunzi, Mji wa Kale

Umetazama vizuri, mwanangu. Moshi ni koloidi ya chembe ndani ya hewa, na chembe za moshi mchanga ni ndogo kuliko wimbi la mwanga. Chembe ndogo hivyo hutawanya buluu zaidi ya nyekundu. Mbele ya pazia waona mwanga uliotawanywa. Mbele ya dirisha waona ule uliopita ukiwa umepungukiwa buluu. Jaribu pia tochi ya simu gizani: ipitishe kwenye glasi ya maji ya chumvi, kisha kwenye glasi ya maji yenye tone moja la maziwa. Njia ya mwanga utaiona katika ya pili peke yake.

Pale kivukoni mara nyingine bahari huwa na utando wa rangi za upinde wa mvua. Ni mafuta mengi kiasi gani? Na je, tukimwaga sabuni utaondoka? — Mvuvi, Likoni

Ni machache kuliko yanavyoonekana, nahodha. Rangi hizo huja utando ukiwa na unene unaokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, kuanzia theluthi moja ya mikromita hadi mikromita chache. Eneo la mita 10 kwa 20 lenye unene wa nusu mikromita ni mililita 100 za dizeli, nusu kikombe.

Mafuta ya kupikia huenda mbali zaidi. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha habari za kijiko kimoja cha chai cha mafuta alichokimwaga kwenye bwawa la Clapham, London, yakatuliza vijiwimbi vya nusu ekari. Gawanya mililita 5 kwa mita za mraba 2,000 upate nanometa 2.5, yaani unene wa molekuli moja iliyosimama. Franklin mwenyewe hakuipiga hesabu hiyo. Aliyeweka msingi wa kupima tando kama hizi ni Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani aliyefanya majaribio jikoni kwao akianzia na maji ya kuoshea vyombo. Barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Molekuli za mafuta ya mimea zina kichwa kinachopenda maji, hivyo husimama na kutandaa mpaka mwisho. Dizeli haina kichwa cha maana, na utando wake hubaki mnene, wenye rangi.

Sabuni msimwage. Utando utapotea machoni, lakini mafuta yatakuwa yamekatwa matone madogo na kushuka majini, mahali samaki anapopumulia, na sabuni yenyewe huumiza mashavu yake. Mafuta yakimwagika ndani ya dau au kando ya gati, tumieni usufi wa msufi, ule wa kujazia mito. Nyuzi zake zina nta juu na ni tupu ndani: hukataa maji, hunywa mafuta, na huelea. Ujazeni ndani ya kipande cha wavu chenye matundu madogo, ukokoteni juu ya utando polepole, kamueni ndani ya debe, mrudie. Usufi uliokwisha loweshwa kwa sabuni hautafaa, kwa kuwa nta yake itakubali maji na utazama.